Eti Mbozi Inanuka

Jamani, nani angevumilia? Mimi ni dereva. Nilikuwa nimewapakia Tunduma wanafunzi wa kigeni, wanakuja mashambani kwetu Mbozi kujifunza kuishi bila kuharibu mazingira. Njiani dada mmoja akaniuliza, "Kaka, mboji ya huku inanuka sana?"

Nikajua ulimi umemshinda kutamka Mbozi. Nikameza hasira. Akaendelea, "Ina minyoo? Mnatia mavi ya ng'ombe?"

Nikafunga breki katikati ya vumbi. "Dada, chunga mdomo wako! Mimi nimezaliwa Mbozi! Babu yangu amezikwa Mbozi, na mimi nitazikwa humo humo!"

Yule dada akanishika bega kwa huruma.

"Pole sana, kaka. Kumbe huku mnazika watu kwenye mbolea?"