Mfuko wa Mihogo Bwawani

Samaki wa papa, baba yangu, walizoea baridi, na baridi hiyo niliibeba mimi kichwani. Kila siku nikitoka shule, kabla ya kula chochote, nilishuka chemchemini mara kumi na kumwaga ndoo kumi kwenye bwawa la nyuma ya nyumba. Papa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kupima kila kitu. Alichovya kiwiko majini kama mama anayetaka kumwogesha mtoto, halafu akasema, "Bado. Ongeza mbili." Niliwachukia samaki wale. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilichukia vitu vingi, lakini wao walitangulia.

Walitoka kwenye kijito cha kijiji cha koko, mama yake papa, ng'ambo ya mto, kwenye barabara ya kwenda Opala. Kijito kile kinapita chini ya miti mikubwa, jua halikifikii, na maji yake yanauma meno. Wakati wa kiangazi wanawake wa kule hukiziba kwa matope na vijiti, kisha huchota maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki wakirukaruka kwenye tope. Kazi hiyo ni ya wanawake, mwanaume hasogei. Papa alisogea. Alisimama ukingoni na ndoo yake, suruali imekunjwa magotini, akiwaomba wale wadogo walio hai, na shangazi zangu wakamcheka mpaka wakaacha kuchota. Alirudi mjini ndani ya lori, ndoo mapajani, na kila lilipovuka kijito alimwomba dereva asimame ili abadilishe maji.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anajisumbua hivyo, wakati samaki wamejaa sokoni. Akasema kwamba siku hizi kila kitu kimebadilishwa jina na serikali, mto, mitaa, hata sisi wenyewe, na yeye alitaka kitu kimoja tu kibaki kama alivyokikuta utotoni. Alilisema hilo chumbani, kwa sauti ya chini, na mama akafunga dirisha.

Jumatatu moja mtu wa usafi wa zone, ofisi ya serikali ya eneo letu, aliingia uani kwetu na daftari kwapani. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta maji yaliyosimama.

"Citoyen, hii shimo iko na mbu."

"Hapana, chef. Samaki iko ndani. Inakula watoto ya mbu, inamaliza yote."

"Mi siko naona samaki."

"Inajificha chini ya majani, sababu ya joto."

Yule mtu akaandika kitu. "Bon. Samedi, saa ya Salongo, tutarudia. Kama samaki iko, tutaacha. Kama haiko, utafunika shimo weye mwenyewe, na kisha tutaenda pamoja."

Tulijua pa kwenda. Jirani yetu alikuwa amelala huko mahabusu siku tatu kwa sababu ya majani marefu kwenye ua wake, na aliporudi, kwa viboko vya nyayo, hakuweza kuvaa viatu. Tangu Jumatatu ile mama akawa anaugusa tu ugali na kuusukuma mbele. Papa ndiye aliyekuwa na matumaini. Samaki walikuwepo, aliwahesabu kila asubuhi, alikuwa na haki yake.

Alhamisi mama alinipa mfuko wa mihogo michungu niupeleke bondeni, nikauloweke kwenye maji yanayotoka chemchemini. Kwa kawaida tuliloweka kwenye pipa, lakini pipa lilikuwa limechukuliwa kuchanganyia chokaa ya Salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa kila Jumamosi. Nilikuwa nimeshapanda kile kilima mara kumi siku hiyo. Nikautazama mfuko, nikalitazama bwawa. Kule kwa koko mihogo hulowekwa ndani ya kijito kilekile, na samaki huja kuidonoa, nimewaona kwa macho yangu. Nikajiambia hawa wamekua na mihogo. Nilirarua kipande cha sketi yangu ya zamani ya shule, ile ya buluu, nikafunga mfuko kwenye mzizi na kuuzamisha pembeni, chini ya majani.

Sikufikiri kwamba kijito kinatembea, kinabeba uchungu wote, ile sumu ya mihogo, na kwenda nao. Bwawa halina pa kuupeleka.

Ijumaa mchana samaki walikuwa juu ya maji, wamefungua midomo. Papa alivuta kigoda, akakaa ukingoni. "Ni joto," akaniambia, akiniita mama kama kawaida yake. "Leta maji, mama, leta tu, usihesabu." Moyo wangu ulijua palepale. Nilitaka kuutoa ule mfuko, lakini hakuondoka pale hata kwenda msalani. Kila nilipomwaga ndoo nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye ile mihogo, na yeye akinitazama kwa shukrani. Nilibeba ndoo arobaini siku ile ili nisiseme sentensi moja.

Jumamosi asubuhi wote walikuwa wameelea, matumbo meupe juu.

Mtu wa usafi alikuja na vijana wawili, na nyuma yao majirani na majembe yao ya Salongo. Alichukua fimbo, akakorogakoroga chini ya majani, ikanasa, akauvuta mfuko. Harufu ya mihogo iliyoanza kulainika ikajaa uani.

"Nani aliweka hii?"

Mama alinigeukia, kisha akafungua kinywa kusema ni yeye. Papa alikuwa ameshainama. Aliona fundo. Aliitazama ile buluu kwa muda ambao kwangu haukuisha, akalifungua, akalifumbata kiganjani.

"Ni miye."

"Weye? Mwanaume, unaloweka mihogo?"

"Ni miye niliweka. Andika."

Watu walicheka. Mwalimu, mtu wa kalamu, analoweka mihogo kama mke mdogo! Hata wale tuliochota nao maji pamoja walicheka, na sijawasamehe. Nilisimama palepale huku papa akilifukia bwawa lake kwa jembe la kuazima, samaki wakiwa bado ndani. Alipomaliza alinawa mikono, akavaa abakosti yake, lile koti lisilo na tai, akaifunga vifungo mpaka juu, akaenda nao.

Alirudi Jumatatu, viatu mkononi, akitembea kwa ncha za vidole. Mama alikuwa ameanika ile mihogo na kuitwanga, kwa kuwa chakula hakitupwi. Tulikaa tukala ugali wake. Papa alikula taratibu, kisha akatoa mfukoni kile kipande cha buluu, kimekunjwa mara nne, akakiweka karibu na sahani yangu.

"Kesho hakuna ndoo, mama," akasema. "Utapumzika."

Nililia mpaka mama akaniondoa mezani. Nilitamani anipige, na bado natamani. Hatukuzungumza tena habari ile, si siku hiyo wala nilipokuwa mtu mzima. Mtaani walimwita Papa Mihogo mpaka alipofariki, watoto hata hawakujua sababu, na kila walipomwita hivyo mbele yangu, aliitika.