Mama Kumi na Mmoja kwa Namba Moja

Simu yangu ya kazi ilinyamaza siku tatu. Nilizoea ilie kila asubuhi, inikumbushe mama gani anatakiwa kliniki lini, maana mimi jina la mtu likiingia kichwani halitoki, lakini tarehe hazikai. Shule niliachia darasa la tatu. Siku ya tatu nilipanda ngazi za ofisi yetu ya mikutano, mtaa wa Hurlingham, nimeishika simu mkononi, naitingisha kama redio iliyoishiwa betri.

Kila Alhamisi tulikutana pale kufundishana: sisi wahudumu wa afya wa mitaani, makarani wa zahanati, na vijana wanaotengeneza programu ya hizo simu. Mwalimu maalumu hatukuwa naye. Desturi ilikuwa moja: kabla ya chai kila mtu aeleze kosa lake la wiki, na asicheke mtu. Mimi tangu nianze kuja nilikuwa nasema sina kosa, nao wananiita Shosho, yaani bibi, na kunipita kwa heshima ya mvi.

Siku hiyo alianza dada anayesimamia programu. Alisema kosa lake ni kuacha watu walioandikwa mara mbili mbili wajae humo ndani, na kwamba Jumatatu alikuwa amelirekebisha. Wote wenye namba moja ya simu aliwaunganisha wakawa mtu mmoja.

"Kuna namba moja ilikuwa na watu kumi na mmoja," akasema. "Nikajua huyo alikuwa anajaribu tu simu, nikamzimia ujumbe."

Namba ile ilikuwa yangu.

Wale kumi na mmoja walikuwa wasichana wa kazi za nyumba, kule mtaa wa matajiri wa Lavington. Wengine hawakuwa na simu. Wengine walikuwa nayo, lakini hawakutaka ujumbe wa kliniki ulie mbele ya mwajiri ambaye hajajua kuna mimba. Basi nikawaandikia namba yangu. Ujumbe ukiingia naenda getini, namwomba mlinzi aniitie fulani, namnong'oneza siku yake. Na tulikuwa tumekatazwa kuandika namba zetu wenyewe. Mwenzangu mmoja alinyang'anywa simu kwa kosa hilo hilo, na simu ikienda, kazi imeenda.

Zamu ikawa inazunguka meza. Mimi nilikuwa namfikiria mmoja tu, mwenye presha, mimba ya miezi minane. Nilijua ana siku yake katika hospitali moja ya Parklands wiki hiyo. Siku gani, sikujua.

Ilipofika kwangu, karani wa kando yangu akasema, "Shosho hana kosa, tuendelee."

Nikasimama. "Leo niko nalo. Hiyo namba ni yangu. Na hao ni watu, kila mmoja na tumbo lake."

Hakuna aliyecheka. Dada wa programu alifungua kompyuta, akasema nakala ya orodha iliyohifadhiwa Jumapili ipo, ila kumtafuta mtu ndani yake ni lazima awe na jina kamili. Akaniuliza kama nayakumbuka majina yao. Nikayataja, la ubatizo, la nyumbani na la baba, mmoja baada ya mwingine, bila daftari. Hapa siyaandiki, ni yao. La saba lilikuwa la yule wa presha. Dada akaacha kuandika.

"Ni leo, Shosho. Saa tatu asubuhi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro.

Karani alipiga simu hospitali, akaambiwa daktari atakuwepo mpaka saa saba. Dada alikuwa tayari ameshika ufunguo wa gari. Kule Lavington, getini kwa mwajiri, mlinzi alituambia msichana amelala tangu asubuhi, kichwa kinamuuma. Alitoka polepole, ameshika ukuta, uso umevimba.

"Mbona hukuja?" akaniuliza. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamshika mkono, tukampandisha gari. Hospitali walimlaza siku hiyo hiyo, na Jumamosi wakamtoa mtoto kwa upasuaji. Mdogo, lakini analia.

Alhamisi iliyofuata wote kumi na mmoja walikuwa wamerudishwa, programu ilikuwa na nafasi mpya ya kuandika simu ni ya nani, na mimi nikapewa kazi ya kuwaonyesha wenzangu namna ya kuijaza. Simu hawakunichukua. Zamu yangu ilipofika sikungoja karani anisemee. Nikawaambia namba haikuwa kosa langu kubwa. Simu ilinyamaza siku tatu, na sikumuuliza mtu.