Yaya wa Kiingereza

Madam alinichukua kwa sababu ya Kiingereza. Wakala wa Nairobi alimwambia kwamba sisi Wakenya tunakizungumza tangu tumboni, naye akaamini. Kazi yangu Riyadh, katika nyumba nyuma ya maghorofa ya Olaya, ilikuwa kumlea kitindamimba wake, msichana wa miaka miwili, na kumlea kwa Kiingereza kitupu. Alikisema hicho kitupu kama mtu anayeagiza chai bila sukari.

Nilijaribu. Lakini mtoto anayelia, utambembelezaje kwa lugha uliyojifunza ubaoni? Madam akitoka tu, Kiswahili kilinitoka chenyewe. Nyumba nzima sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye Kiswahili, na baada ya miezi michache yule mtoto akaanza kunijibu. "Anti, maji." "Anti, njoo." Siku aliyokunja uso akaniambia "sitaki", nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimepata mtu wa kwetu.

Binti mkubwa wa madam alikuwa anasoma Kiingereza chuo kikuu. Nikipiga pasi alikuja kukaa nami na kompyuta yake, na siku moja akanisikilizisha mtu anayesoma Kiingereza cha kale kabisa, cha miaka elfu iliyopita. Sikuambulia hata neno. Nilidhani msomaji anasafisha koo.

"Hiki ni Kiingereza?"

"Wallahi."

Akanieleza kwamba kililetwa kisiwani Uingereza na watu waliovuka bahari. Baadaye wakaja mabwana wengine wenye Kifaransa chao, wakautwaa ufalme, na kwa muda mrefu Kiingereza kikabaki lugha ya shambani na jikoni. "Na watoto wa mabwana walilelewa na nani?" akaniuliza huku akicheka. "Na yaya. Kama wewe." Alisema hiyo ilikuwa mojawapo ya njia kilizorudia ghorofani, kwa vinywa vya watoto. Nilipigwa na butwaa. Shuleni kwetu, ukiongea Kiswahili siku ya Kiingereza, ulivishwa kibao cha adhabu shingoni. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Kiingereza chenyewe kiliwahi kukaa jikoni.

Wakati wa likizo tulikwenda Jeddah, kwa mama yake madam, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Alasiri moja walikuja wageni, wote wanawake, na madam akamsimamisha mtoto katikati ya zulia awaonyeshe Kiingereza chake. Mtoto akazitazama zile sura ngeni, akapaza sauti.

"Sitaki! Nataka maji!"

Mgeni mmoja akauliza ni lugha gani hiyo. Madam akanigeukia. Nilikuwa nimeshika sinia ya kahawa. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ilikuwa mikononi mwake, na nilijiona tayari nimerudishwa kwa wakala.

"Ni Kiingereza, madam," nikasema. "Kiingereza cha zamani."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Bibi mwenye nyumba akarudia "sitaki" taratibu, kwa heshima, akasema mashallah. Binti mkubwa alikuwa amekaa pale pale. Yeye alijua. Aliinamisha uso akatazama kikombe chake, na hapo ndipo aibu iliponishika sawasawa. Nilitamani lile zulia linimeze.

Binti alinifuata jikoni. "Halas, yameisha, hakuna aliyeshtuka," akanituliza. Kisha akasema, bila ukali wowote, "Lakini wale yaya wa zamani wangesema wanaongea Kifaransa, mimi leo ningekuwa nasoma nini?"

Mtoto akaingia akikokota kikombe chake cha plastiki.

"Anti, maji."

Madam alikuwa chumba cha pili tu. Nikainama. "Water," nikamwambia. "Say water."

Akacheka, akidhani ninamtania. "Maji."

"Water."

Nikakishikilia kikombe mpaka aliposema nilivyotaka, ndipo nikampa. Hivyo ndivyo nilivyomvisha kibao mtoto wa watu, mimi niliyekivaa na kukilia.

Alikuwa mwepesi wa kushika. Siku za Jeddah zilipokwisha madam alinisifu mbele ya mama yake, nami nikaitikia "thank you, madam" huku nikiangalia sakafu.

Tuliporudi Riyadh, asubuhi moja madam alitoka. Nilisubiri mpaka nikasikia lango linafungwa, nikapiga magoti mlangoni pa chumba cha mtoto, nikamwita polepole.

"Njoo."

Aliniangalia kidogo, kisha akaendelea kucheza.