Benchi la Mama Mdogo Maonyeshoni

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani, mama mdogo hukunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya mguu mfupi wa benchi lake, kisha akalikalia kidogo kulipima. Likitulia, duka limefunguliwa. Hapo wateja hukaa wakisubiri nguo zao na kusengenya wasiokuwepo.

Siku moja wanafunzi wa sanaa wakaja kuliazima. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya wasanii chipukizi kuhusu utambulisho na jamii, na jamii, kumbe, ilikuwa kwenye benchi. Kiongozi wao, kijana aliyevaa skafu ya sufu jua likiwaka, alieleza kwa kirefu. Mama mdogo alimsikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza matangazo ya dawa za mifugo redioni.

"Mtalirudisha lini?"

"Ijumaa, mama. Bila kukosa."

Ijumaa ikapita. Maonyesho yaliongezwa muda kwa maombi ya umma, umma wenyewe ukiwa wazazi wa wasanii. Huku dukani wateja walisimama, wakabadilisha mguu, mwishowe wakavuka barabara kwa fundi mwenye viti vya plastiki. Bi harusi mmoja alihama na wapambe wake wote.

Siku hiyo mama mdogo akavaa viatu vya kutokea, akaniambia nimfuate.

Benchi lilikuwa katikati ya ukumbi mweupe, limezungushiwa kamba na kumulikwa taa. Boksi hawakulichukua, kwa hiyo jamii ilikuwa imelalia upande. Karatasi ukutani ilisema: "Kutokuwepo. Mbao na kumbukumbu."

Mama mdogo akaruka kamba, akatoa boksi mkobani, akalisukuma chini ya mguu, akakaa.

"Mama, hilo haliguswi!" mlinzi akafoka.

"Haliguswi na nani? Makalio yangu yamejuana nalo wewe hujazaliwa!"

Watu wakasogea. Simu zikatolewa.

"Nataka benchi langu," akasema kwa sauti. "Wateja wananikimbia. Mlisema Ijumaa. Ijumaa gani hiyo isiyofika?"

Kisha makofi. Dada mmoja alifuta machozi. Mhadhiri alimnong'oneza mwenzake kwamba hajaona igizo lenye uchungu kama hilo miaka mingi. Kijana wa skafu alimtambua vizuri sana mama mdogo. Aliyatazama makofi, akafikiri, kisha akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyepanga yote.

"Mama," akamnong'oneza, "unaweza kuja na kesho?"

Mama mdogo alisimama, akashika upande mmoja wa benchi, akanikonyeza nishike wa pili. Tukatoka nalo polepole. Watu walitupisha huku wakipiga makofi, na mlinzi, naye machozi yakimlengalenga, akatufungulia mlango.

Tulipofika kona ya pili tukaliweka chini tupumue.

"Mama mdogo, mbona hukuwaambia kwamba huigizi?"

"Wangefunga mlango."