Jogoo wangu wa kishungi

Mnicheke mkitaka. Mimi mwenyewe nimejaribu, nimeshindwa.

Hapa Likasi nafuga jogoo wa kishungi, mwenye manyoya kichwani kama kofia ya askofu. Nilimpitisha mtaani kwa majivuno, kama mchimbaji aliyeangukia mshipa wa shaba.

Siku moja Mama Odette, jirani yangu mjane ambaye miaka yote tumegawana makaa na chumvi, alimchungulia kutoka upande wake wa ukuta akasema, "Jogoo yako iko muzuri, lakini haitaona mbele." Akageuka haraka, akaingia nyumbani kwake. Nami nikafunga mlango wa ua.

Wiki haikuisha, jogoo akaanza kugonga kuta. Akatumbukia kwenye ndoo ya maji. Nikimkaribia, anaruka kama ameona mzimu. Nikajua tu: yule mama amemloga.

Nikawaita bamama wa kikundi cha maombi. Tukapiga makofi, tukakemea, na mimi, mwenye imani kuliko wote, nikanyoosha kidole kwenye ukuta wake na kulitaja jina lake kwa sauti.

Mlango wa ua ukafunguka. Mama Odette akaingia, akampakata jogoo, akakata manyoya yaliyomfunika macho. Jogoo akatazama huku na huku, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mahindi.

Bamama wakaanza kukusanya Biblia zao.

"Ile siku," Mama Odette akaniambia bila kunitazama, "niliingia kutafuta mukasi. Kurudi, nilikuta umesha kufunga mulango."