Ufunguo wa Duka la Maman

Sisi tuliokua wakati sukari ikipimwa kwa kikombe na kufungwa kwenye karatasi ya daftari, tunajua kwamba kutumwa dukani ilikuwa raha. Duka la mama yangu lilikuwa kando ya barabara ya kutoka Kamembe kwenda Mibirizi, nyumba ya matofali yenye madirisha ya mbao, ndani ikinuka sabuni, mawese na sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaushwa. Watoto wa kilima kizima waligombania kutumwa pale kwa sababu ya matabishi. Maman alikupimia chumvi yako, kisha akachota tena kidogo na kuongeza juu. Mtoto alipewa na bombo, yaani peremende, au sukari kiganjani. Tuliilamba njiani, tukafika darasani viganja vinanata, na mwalimu alijua moja kwa moja nani katumwa asubuhi ile. "Muntu asitoke kwangu mikono bure," Maman alikuwa akisema, na alimhesabu hata mlevi aliyeingia kuuliza njia.

Sasa mdogo wangu Deo amelifanya duka hilo nyumba ya wageni. Watu wa Kigali wanaikodi kwa wiki nzima na kujipikia wenyewe. Ameitengeneza vizuri, siwezi kumnyima sifa. Meza ndefu ya kuuzia ameiacha, siku hizi inakatiwa nyanya, na kwenye rafu za sabuni zimepangwa sahani. Vijana wanakuja na kuipiga picha kila pembe. Kama wanapika kweli sijui, maana sufuria nyingine bado zina karatasi za dukani.

Deo aliniita nilale pale siku tatu, lakini hakuniita kupumzika. Maman anaishi nyumba ya nyuma na bado ana ufunguo wake wa zamani. Kila asubuhi anaingia na sahani ya sombe, yaani kisamvu, na sambaza, wageni wanamkuta jikoni nao wamejifunga taulo. Wawili walikuwa wamelalamika.

"Yaya, weye ni mukubwa, umunyanganye ule ufunguo," Deo aliniambia. "Mie ataninunia mpaka Noeli."

Sikuweza kutulia. Nilikaa kwenye kochi nikainuka, kwa kuwa pale ndipo zamani ulipokuwa mfuko wa mchele, nasi tulikatazwa kuukalia. Nilifungua kabati, nikalifunga, nikatoka nje, nikarudi. Nilimpigia Deo nimwambie sitaweza, nikakata kabla hajapokea. Nilimkasirikia kweli, yeye aliyekula matabishi mengi kuliko sisi sote. Asubuhi mbili Maman aliingia na sahani yake, nikala, nikasema ahsante, ufunguo sikuutaja.

Asubuhi ya tatu ufunguo ulilia tena mlangoni. Maman aliweka sahani mezani akasimama upande wake uleule wa muuzaji, nami nikajikuta upande wa wanunuzi. Nikamwambia yote harakaharaka, nisije nikashindwa katikati.

"Mugeni anajipikia?" akasema. "Ametoka mbali, amechoka, na siye tunamuonyesha masufuria? Ni haya, mutoto yangu."

"Ni vile banataka, Maman. Njo maana banakuya."

Maman alifungua fundo la kitenge chake, akautoa ufunguo, akausukuma juu ya meza mpaka mbele yangu, kama alivyokuwa akisukuma chumvi. Sikuugusa. Ningefurahi kama angenigombeza.

"Beba," akasema. "Na matabishi yangu iko wapi?"

Sikuwa na kitu mkononi. Nilimuuliza anataka nini.

"Siku ya kwanza, mugeni akifika, anakula kwangu. Kiisha bajipikie mpaka bachoke."

Nilikubali palepale bila kumuuliza Deo, na Deo alinuna siku mbili.

Siku hizi chumvi inakuja kwenye pakiti, gramu kamili, na hakuna anayekuongezea hata punje. Mtoto ananunua macho yakiwa kwenye simu na kuondoka bila muuzaji kumuuliza mama yake ameamkaje. Nikikumbuka zile punje kiganjani nakosa raha, natamani nitumwe tena. Ufunguo ninao mimi, sijui hata nimeubebea nini. Lakini mkipita barabara ile, someni kibao kipya mlangoni kwa Deo: "Wageni wanajipikia, kuanzia siku ya pili."