Vichwa vya Wenye Bucha

Ulikuwa ule mwaka wa miaka ya tisini tuliokula ugali wa njano mpaka watoto wakasahau rangi ya ule mwingine, na nyama kwetu ikawa supu ya kichwa cha mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko. Minofu waliila wenye bucha. Nao ndio walionilisha mimi, kwa ujinga wao.

Nilikuwa mama mwenye wajukuu, kamera moja na elimu ya darasa la nne. Nilizunguka Soko la Burma nikiwapiga wenye biashara picha za mzaha za kutundika ukutani. Naziba nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, nampiga mtu akiwa kushoto. Kisha, bila kusogeza filamu, naziba nusu ya pili, nampiga kulia. Picha ikitoka, anajiuzia nyama mwenyewe. Wakitaka makubwa zaidi, nakata kichwa kwa wembe, nakibandika kwenye mwili mwingine, napiga upya. Wajukuu wangu leo hufanya hayo kwa simu, na mshono hawajui kuuficha kama mimi. Mmoja nilimbandika kichwa kwenye mbuzi aliyening'inia. Alicheka mpaka machozi, akaitundika juu ya mizani. Sikuona tofauti kubwa.

Mwingine alikuwa na bucha ya ubia. Mwenzake aliyeianzisha alikuwa amezikwa majuzi kwao magharibi, na mjane amerudi kudai haki ya mumewe. Huyu bwana alimwita shemeji mbele za watu, huku akidai bucha aliianzisha yeye. Wazee wa soko wangeamua Jumamosi. Karatasi hazikuwako, ila picha moja ya siku ya ufunguzi: marehemu peke yake mlangoni, kisu mkononi, chini ya kibao kipya.

Alhamisi akaniita nyuma ya friji, akanipa picha hiyo na nyingine ya uso wake. Alitaka nimweke pale mlangoni badala ya marehemu, awaonyeshe wazee. Eti ni mzaha tu, kama ule wa mbuzi. Nikamuuliza ni nani atakayecheka.

"Mathe, kazi yako si kukata vichwa? Kata, bandika, uende."

"Kichwa cha marehemu sikati."

Akatabasamu lile tabasamu la kumpimia mteja mifupa. Akafunga paja zima la mbuzi kwenye gazeti, akanisukumia. Alijua wajukuu wangu hawajatafuna nyama tangu Krismasi. Nikaliacha paja pale pale. Picha ya marehemu nikaitia kifuani, ambako hangethubutu kuitafuta, nikatoka kwenda kwa mjane.

Akanifuata mpaka mbele, foleni ya wateja ikitutazama, akinibembeleza kama mtoto: mathe, sema basi, unataka nini zaidi?

Nikageuka, nikapaza sauti hata wa mwisho kwenye foleni asikie.

"Kichwa cha marehemu sikati."